Kutia Bahari Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasimamizi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ya kukaa mezani na dadu, karatasi za wahusika na hadithi inayotungwa na wote waliopo. Wengi walioniuliza maswali haya walizoea mapango, misitu na ngome, hadi siku wachezaji wao walipofika pwani wakataka kupanda chombo. Mifano yangu inatoka Bahari ya Hindi upande wetu. Ina misimu, miamba, bandari zenye kushindana, na maneno ya ubaharia ambayo tayari tunayo. Hakuna sababu ya kuazima bahari ya wengine.

Wachezaji wangu wamepata jahazi. Nianze na nini?

Anza na upepo. Kabla hujachora visiwa, kabla hujafikiria maharamia, amua upepo unatoka wapi na utageuka lini. Nchi kavu mtu huenda anakotaka, akichoka akapumzika. Baharini huenda anakoruhusiwa, na ruhusa hiyo ina tarehe.

Kwetu kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ikileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika Aprili na kuvirudisha. Kati ya misimu hiyo kuna maleleji, upepo wa kigeugeu usiotegemewa.

Tazama tofauti inayoletwa na msimu peke yake. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyepewa hapo hapo, akatia nanga karibu na Calicut, bandari ya Bara Hindi, Mei 20. Siku 26. Kurudi aling'oa nanga katika visiwa vya pwani ya Bara Hindi Oktoba 5, kaskazi haijakaza, na pwani ya Afrika hakuiona mpaka Januari 2, 1499. Siku 89 kwenye bahari ileile. Mabaharia wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, hata wakaichoma moto São Rafael kwa mikono yao wenyewe.

Ukiwapa wachezaji habari hiyo katika umbo la chaguo, kazi yako imekwisha nusu: "Mnaweza kuondoka leo mfike baada ya siku tisini, au mngoje miezi miwili mfike kwa siku ishirini na tano. Adui yenu anajua hivyo pia." Nimeona meza nzima ikibishana saa nzima juu ya sentensi hiyo moja, bila dadu kurushwa.

Upepo niuendesheje kwa kanuni rahisi?

Tumia miongo. Kalenda ya jua ya mabaharia wa Uswahilini ilihesabu siku tangu Nairuzi, yaani siku ya mwaka, kwa mafungu ya siku kumi kumi: miongo 36, kisha siku tano za ziada. Siku hizi neno hili tumelizoea kwa miaka kumi, lakini hapa lirudishie maana yake ya zamani.

Kila mwongo, yaani kila siku kumi, rusha dadu moja ya pande sita. Katikati ya msimu, 1 ni shwari na chombo kinakaa palepale. 2 mpaka 5 ni upepo wa msimu. 6 ni dhoruba. Wakati wa maleleji rusha mara mbili, kwanza upande unakotoka upepo, kisha nguvu yake. Chombo chenye upepo nyuma au ubavuni kinakwenda mwendo wake wote. Kinachokwenda bisho, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, kinapata theluthi. Theluthi hiyo inakaribiana na siku 26 na siku 89 nilizozitaja.

Kuna upepo mwingine mdogo ambao wasimamizi huusahau: umande, unaotoka nchi kavu kuelekea baharini usiku kuamkia asubuhi. Kama wachezaji wamezuiliwa bandarini, alfajiri ndiyo saa ya kutoroka. Mtajie mvuvi mzee anayelijua hilo, halafu nyamaza.

Safari ni siku ishirini. Nichezeshe kila siku?

Usifanye hivyo. Mimi nilijaribu mara ya kwanza: siku kumi na nane, dadu kila asubuhi na kila usiku. Ilipofika siku ya saba wachezaji wawili walikuwa wanazungumza mambo ya kazini.

Igawe safari vipande vitatu: kutoka bandarini, bahari kuu, na kuingia bandari nyingine. Kila kipande kipe uamuzi mmoja wenye gharama. Kutoka: tunapakia maji zaidi au bidhaa zaidi? Bahari kuu: tunafuata pwani penye miamba na watu, au tunakata moja kwa moja? Kuingia: tunangoja maji yajae na kupambazuke, au tunajaribu mlango wa bandari usiku huu? Siku nyingine zote ziseme kwa sentensi mbili tatu: samaki, jua, nyimbo za mabaharia, nani amegombana na nani.

Mwendo wa chombo ni kiasi gani?

Toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons linaipa meli ya tanga maili 2 kwa saa, yaani kama kilomita 77 ukienda usiku na mchana. Ile safari ya siku 26 ilikuwa na kilomita zaidi ya 4,000, kwa hiyo takriban 160 kwa siku. Mimi natumia 150 kwa upepo mzuri na 50 kwa bisho, kwa jahazi lolote. Wachezaji hawataki hesabu zaidi ya hiyo.

Nahodha mmoja anarusha dadu, wengine wanne wanatazama. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na kanuni nyingi za meli hazilitatui, kwa sababu zinakifanya chombo kuwa mhusika mmoja mkubwa. Chombo ni watu. Mpe kila mchezaji cheo na jambo ambalo yeye pekee anaweza kuliamua.

Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho: kukimbia, kupigana, kutosa shehena. Mshika usukani hurusha dadu chombo kinapokwepa mwamba, chombo kingine au jitu. Serahangi ndiye mkuu wa mabaharia. Yeye huamua wangapi wako kwenye tanga, wangapi wanafua maji, yaani kuyatoa chomboni, wangapi wameshika silaha, na ninavyoona hiki ndicho cheo chenye raha kuliko vyote. Rubani, kabla neno halijaenda kwa wa ndege, ni yule anayeijua njia: miamba, mikondo, nyota. Mpe haki ya kukuuliza swali moja la kweli juu ya bahari katika kila kipande cha safari, nawe umjibu bila kumficha. Mganga anashughulika na pepo na majeraha. Akikosekana mganga, mpishi anatosha, maana ndiye anayejua maji yamebaki mapipa mangapi.

Kisha waache waseme kwa sauti ya cheo. "Serahangi, tua tanga!" "Ewallah, nahodha!" Vikao viwili tu na wataanza wenyewe.

Kwa nini vita vya vyombo vinachosha, na vifanyweje vya kusisimua?

Vinachosha kwa sababu ya hesabu. Katika toleo la tano meli ya tanga ina pointi 300 za uhai, na pigo lolote lisilofika 15 halihesabiwi. Mishale ya wachezaji haifanyi kitu. Basi vyombo viwili vinakaa vikipunguziana namba mpaka kimoja kife, na hakuna aliyeamua lolote. Baharini watu hawakupigana hivyo. Chombo cha adui kilikuwa na thamani, na mwenye akili alitaka kukiteka kizima, shehena na yote.

Zifute pointi 300. Badala yake fuata mambo manne.

La kwanza ni upande. Aliyeko goshini, upande unakotoka upepo, ndiye anayeamua vita viwe karibu au mbali. Aliyeko demani anapokea tu. Mwanzo wa pambano mshindanishe rubani wa huku na wa kule kwa dadu, mshindi apewe goshini. Umbali uwe wa aina tatu tu: mbali, wa mshale, na ubavu kwa ubavu. Kila zamu mwenye goshini anasogeza umbali hatua moja atakako.

La pili ni tanga. Jahazi lina tanga moja kubwa la pembe tatu lililofungwa kwenye foromali, na ili ligeuke upande wa pili inabidi foromali lote lipitishwe mbele ya mlingoti. Hiyo ndiyo kukisi tanga, na ni kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Mezani ina maana hii: kugeuza chombo kunagharimu zamu nzima na nusu ya mabaharia, na katika zamu hiyo hawapigani. Wachezaji wakishalielewa, wataanza kuvizia adui akisi ndipo wamvamie. Kamba ya tanga ikikatwa, chombo kinazunguka bila mwelekeo mpaka ifungwe upya.

La tatu ni usukani. Ukivunjika, mshika usukani anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo.

La nne ni ngama, ile sehemu ya chini kabisa chomboni ambako maji hukusanyika. Chora visanduku sita. Kila tundu linajaza kisanduku kimoja kwa zamu, na kila mabaharia wawili wanaofua maji wanafuta kimoja. Vikijaa vitatu mwendo unakuwa nusu. Vikijaa vitano, nahodha aamue mara moja: kutosa shehena ili kufuta viwili, au kuhatarisha. Sita, kinazama. Ghafla serahangi ana watu kumi na mbili na kazi za watu ishirini, na kila mchezaji ana maoni. Wazee walisema kwenda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani. Katika mchezo huu maneno hayo ni kanuni kamili.

Mfano mfupi. Maharamia wako goshini, matundu mawili yanaingiza maji, ngama imejaa vitatu, mabaharia kumi. Serahangi akiweka wanne kwenye maji, ngama inasimama palepale. Sita waliobaki wanatosha kukisi tanga au kupigana, si vyote viwili. Mganga anaomba zamu moja amwite pepo. Nahodha anasema nini?

Vita lazima viishe kwa kuzama?

La. Weka lengo lingine lolote: kufika mlango wa bandari kabla maji hayajapwa, kumchukua mtu mmoja kutoka chombo cha pili, kukata kamba ya nanga. Hili la mwisho lina mfano wa kweli Mombasa. Wakati Waomani walipoizingira Fort Jesus, kuanzia 1696 mpaka 1698, frigeti ya Wareno Santo António de Tanna ilikuja kusaidia ngome. Mwaka 1697 kamba zake za nanga zilikatika, ikasukumwa na maji, na mwisho ikazama chini ya kuta zilezile ilizokuja kuziokoa. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kuanzia 1977. Wape wachezaji usiku mmoja, mtumbwi, kisu na meli ya adui iliyotia nanga. Kikao hicho hakihitaji mzinga hata mmoja.

Mganga wetu ana uwezo wa kurusha moto. Si atachoma kila tanga?

Atachoma, usimzuie. Lakini tanga likiungua hakuna tena chombo cha kuteka, shehena imekwenda, na kama adui yuko goshini cheche zinarudi kwenu. Adui aliyezoea bahari hulowesha tanga lake kabla ya vita. Kulowesha kunachukua watu wawili kwa zamu moja.

Nikitaka matukio yasiyo ya vita?

Hapa bahari ni tajiri sana, na ndipo ningekaa muda mrefu.

Kuna kupwelewa. Pwani ya Kenya, Tanga na Zanzibar, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Chombo kilichotia nanga mahali pabaya hujikuta kimelala ubavu juu ya mchanga, saa kadhaa, na watu wa kisiwani wanakuja kwa miguu. Ni marafiki au sivyo? Hakuna kukimbia, hakuna tanga, kuna maneno tu. Tukio hili nimelitumia katika hadithi tatu tofauti na kila mara limetoka jipya.

Kuna shehena yenye uhai. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika China kama zawadi kwa mfalme. Fikiria majani yake, maji yake, shingo yake dhoruba inapopiga, na baharia anayedai ameota kuwa mnyama huyu asifike. Hadithi ya vikao vitano iko ndani ya sentensi hiyo.

Kuna bandari ya mwisho wa upepo. Wanahistoria wengi huueleza ukuu wa Kilwa hivi: ilikuwa karibu na mwisho wa kusini ambako chombo cha Uarabuni kingeweza kufika na kurudi ndani ya mzunguko mmoja wa pepo, na dhahabu ya Sofala ikaletwa hapo kwa vyombo vingine. Weka mji kama huo kwenye ramani yako. Atakayeumiliki ana mkono kwenye koo la pande zote mbili, naye hana haja ya jeshi kubwa. Anahitaji kuchelewesha wafanyabiashara wiki mbili tu, msimu uwapite, walale kwake miezi na kulipa kodi ya miezi.

Tena kuna uvumi. Mabaharia wanaongoja msimu hukaa barazani wakisimuliana, na mahali hapo pana habari kuliko jumba lolote la mfalme.

Majitu na maajabu gani yanafaa?

Pweza wa kuvunja meli kila mtu anaye. Tafuta walio karibu. Kinyamkera, pepo wa kimbunga, anafaa kwa dhoruba yenye nia: hataki kuzamisha, anataka mtu mmoja aliyemo chomboni. Chewa anajulikana na kila mvuvi. Mfanye mkubwa kama msikiti, anayelala mlangoni mwa bandari, na jua linapotua hufumbua mdomo mkondo ukageuka. Katika meza yangu hauawi, anabembelezwa. Nguva usimfanye mrembo wa kuimba. Mpe huzuni ya mnyama aliyebaki peke yake katika ghuba yake.

Kuna ajabu moja ninayoipenda kuliko zote. Watu wa zamani walisimulia juu ya milima ya sumaku baharini inayong'oa misumari ya meli zinazopita, na kwa hadithi hiyo wengine wakaeleza kwa nini vyombo vya bahari hii vilishonwa. Mtepe wa Lamu na Wabajuni kweli ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Sababu halisi zilikuwa nyingine, mojawapo ni kwamba chombo cha kushonwa hunepa kikigonga mchanga badala ya kupasuka. Kwenye mchezo lakini mlima wa sumaku uko kweli. Wachezaji wana meli mpya ya misumari, yenye mizinga, fahari ya bandari. Kisiwa wanachokitafuta kiko nyuma ya mlima huo. Mzee mmoja ana mtepe mkongwe, unaovuja, na hauuzi. Ataka nini?

Wanawezaje kupotea, ikiwa mimi nina ramani?

Ramani ibaki kwako. Wao wape nyota. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha Nyota ya Kaskazini kwa kamal, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, na kimo kikahesabiwa kwa vidole. Ukivuka mstari wa ikweta kwenda kusini nyota hiyo inazama, na ujuzi huo unakuacha njiani; sharti ujue nyota nyingine. Usiku huo nyota inapopotea ni tukio zuri kwa rubani kijana. Kilimia, lile kundi la nyota, nacho kiko juu yetu, na usemi wake unatabiri hali ya hewa: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwache mchezaji autumie mara moja kwa msimu kama utabiri wa kweli.

Niweke biashara ya watumwa?

Zungumzeni kabla ya kuanza, wote, kwa uwazi. Bahari hii ilibeba watu waliouzwa, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Kati ya wachezaji wako huenda yupo ambaye jambo hili liko katika ukoo wake, upande huu au ule. Mimi nikiliweka, wafanyabiashara hao ni adui, waliofungwa wana majina na maamuzi yao, na mchezaji hawezi kuwa muuzaji. Mmoja akisema hapana, halimo, na hatakiwi kujieleza.

Naweza kutoa kanuni zangu za bahari kwa Kiswahili?

Ndiyo. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano, zile za waraka wa SRD 5.1, ziko chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri, kubadilisha na hata kuuza, mradi utaje zilikotoka. Waraka huo si kitabu kizima, basi usichukue kisichokuwamo. Na unapotafsiri, waulize mafundi na mabaharia maneno yao kabla ya kubuni yako. Foromali, ngama na goshi vipo tangu zamani.

Chombo kikizama, hadithi imekwisha?

Haijaisha, ila kizame kweli. Usikiokoe kwa muujiza, la sivyo visanduku vya ngama havina maana tena. Kila mchezaji ataje kitu kimoja alichokishika akiruka majini, kimoja tu, na asikibadilishe baadaye. Halafu rusha dadu ya mkondo, uone wanatupwa ufuo gani. Kikao kinachofuata kianze alfajiri, kwenye mchanga, maji yamekupwa, na nyayo za mtu mmoja asiye wao zinaelekea mikokoni.